Kihisi hakijafa

Ndugu mwandishi, umewaambia wasomaji kwamba laptopu ya HP ya mtumba kutoka Kariakoo, ukiiwekea Linux ikasoma mwinamo kinyume, kihisi mwendo kimekufa na hakina haja ya kushughulikiwa. Hapana.

Ilaze mezani, usome namba tatu za kihisi: mbili za kwanza ziwe karibu na sifuri, ya tatu chanya. Inua upande wa kushoto. Namba ya kwanza ipande. Ikishuka, chipu ni nzima, ila kiwandani ilibandikwa kwa mkao mwingine. Dreva ya Linux iitwayo hp_accel ina jedwali la modeli na mihimili yake, na isiyomo hupewa mpangilio wa kawaida. Kuiongeza ni kazi ya mstari mmoja. Mstari mmoja tu!

Na haja ipo. Chipu hiyohiyo ndiyo huhisi laptopu inapoanguka, programu ikawahi kuondoa vichwa vya kusomea juu ya diski inayozunguka. Mwanafunzi anayesukumwa kwenye kivuko cha Magogoni, laptopu ikiwa wazi mkononi, tasnifu yake nzima imo kwenye diski hiyo.