Vijana Hawakukosa Kura, Kampeni Ilikosa Maneno

Kila siku nikifungua simu napata mzee fulani analia ati 2022 vijana ndio waliharibu. Ati tulikaa nyumbani. Ati tulikuwa bize na TikTok. Sawa, tuongee, lakini tuongee ukweli wote.

Namba kwanza. William Ruto alipata kura 7,176,141. Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Na watu zaidi ya milioni 7 waliojiandikisha hawakuenda kupiga kura. Wasee, mtu mmoja akikosa harusi yako unaweza kumlaumu yeye. Watu milioni 7 wakikosa, hebu angalia vile uliandika kadi ya mwaliko.

Hiyo ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza. Mathe anauza mitumba Gikomba, na alikuwa Azimio damu. Tarehe 6 Juni manifesto ya Azimio ikazinduliwa Nyayo. Mahali pa kuongea kazi na bei ya unga, Baba akagusia mitumba, ati ni nguo zilizovaliwa na watu waliokufa. Najua alichomaanisha. Alitaka viwanda vya nguo vifufuke, pamba yetu irudi. Baadaye wakatoka kufafanua. Lakini ufafanuzi hutembea kwa miguu, klipu inapanda boda. Ilipofika kwa simu ya mathe, aliniuliza swali moja tu: "Kwani karo yako huwa inalipwa na nani, marehemu?"

Hakuhama upande. Lakini aliacha kubishana na majirani. Kampeni inakufa hapo, siku mtu wako mwenyewe anachoka kukutetea.

Na mitumba ilikuwa dalili tu. Ugonjwa ni huu: Ruto alikuwa Naibu Rais tangu 2013, miaka 9 ndani ya serikali, na akaongea kama upinzani. Raila, mtu wa upinzani miaka mingi, alishikana mkono na Uhuru Kenyatta 9 Machi 2018 na akaanza kuongea kama serikali. Sasa kijana wa miaka 19 aelewe nini? Unaniambia unaleta mabadiliko, na anayekushika mkono jukwaani ni rais aliye ofisini. Halafu BBI. Sisi tunauliza kazi, wanatujibu na kiti cha Waziri Mkuu, mpaka Mahakama ya Juu ikaizima 31 Machi 2022. Uchaguzi ulikuwa umebakisha miezi minne na kidogo.

Walikuwa na kitu cha maana pia. Shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni 2. Uliza mtu mtaani leo kama anaikumbuka. Wilbaro ataikumbuka.

Tarehe 26 Julai, mdahalo wa urais. Ruto alisimama peke yake, Raila hakutokea. Azimio walikuwa na sababu zao, walizitoa. Lakini msee ambaye hakuwa ameamua hakuona sababu. Aliona mtu mmoja anajibu maswali na mwingine hayuko.

Na nyinyi wa UDA msicheke sana. Ujumbe wenu ulieleweka, nakubali. Lakini kueleweka si kutimiza. Yule aliyetuita mahasla ndiye 2023 alipandisha VAT ya mafuta kutoka 8% hadi 16%, na akaleta makato ya nyumba, 1.5% ya mshahara. Juni 2024 tukajaa barabarani juu ya Mswada wa Fedha, na kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Kwa hivyo mmoja alituchanganya, mwingine akatubamba na maneno matamu. Bili ililetwa kwetu hata hivyo.

Baba alituacha Oktoba 2025, apumzike. Simtusi. Alilala jela kwa ajili ya hii nchi kabla mimi nizaliwe. Lakini wanaoandika hizi kampeni bado wako, pande zote, na 2027 watakuja na fulana mpya, wimbo mpya, na lawama ile ile kwa vijana.

Mathe bado ako Gikomba. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu karo ilishinda bale. Sihitaji mtu aniite hasla wala ajidai anapenda muziki wangu. Nataka sentensi moja ambayo mathe anaweza kuirudia kwa jirani bila aibu.

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Chukua kitambulisho, jiandikishe, usiwape sababu ya kukulaumu tena. Halafu mwanasiasa akifika mtaani kwenu, kabla uchukue fulana, muulize mambo matatu: Pesa inatoka wapi? Nani atakatwa? Na usipotimiza, tutakushika wapi?

Akianza kuimba, enda nyumbani. Lakini siku ya kura rudi.