Mnyororo wa Sukari Ndani ya Mwani

Sisi tukaao Kalemie twajua ya kuwa unga wa muhogo ukisongwa katika maji ya moto hushikamana ukawa bukari. Hiyo ni kazi ya wanga, nao wanga ni sukari ndogo ndogo zilizofungamana kama pete za mnyororo.

Mwani mwekundu wa baharini haumo katika ziwa letu la maji matamu. Lakini huko Unguja, tangu mwaka 1989, wakulima, wengi wao wanawake, huupanda kwa kuufunga kambani. Ndani yake mna mnyororo mwingine, uitwao karagenani, ambao viwanda hutumia kuzitia uzito dawa za meno na vyakula vya maziwa. Pete zake ni za galaktosi, sukari iliyomo katika maziwa pia, nazo zimebandikwa salfati, yaani kiberiti kilichoungana na oksijeni.

Mwani uitwao kotoni una salfati moja kwa kila pete mbili. Spinosamu una mbili. Salfati zikiwa chache, minyororo hujisokota na kukaribiana, na maji huganda imara. Zikizidi, husukumana, na mgando huwa laini. Ndiyo sababu kotoni hupata bei kubwa kuliko spinosamu.

Lakini bahari ikizidi joto, kotoni huugua na kufa, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu tu. Basi, enyi wanafunzi, msidharau hesabu ya vitu visivyoonekana: salfati moja ikizidi, kikapu cha mama hupungua.