Moto wa Kutazamwa na Moto wa Kuota



Mwezi huu tumepata barua ya ndugu yetu mmoja akaaye Limuru, katika nyanda za juu za Kenya. Asema kwamba nyumba yake ni ya mawe, iliyojengwa zama za ukoloni, na sebuleni mna meko ya kuotea moto yaliyojengwa ukutani, yenye dohani ya kutolea moshi. Kila mwaka, tangu Juni hata Agosti, baridi huwa kali, naye huwasha kuni. Lakini mama yake mzazi ana maradhi ya pumu, na moshi wamdhuru. Sasa amesikia khabari za magogo ya umeme, yaani magogo ya bandia yapangwayo ndani ya meko yale yale, yakatoa mwanga mfano wa ndimi za moto, na joto pia, pasipo moshi wala majivu. Ndugu yake aliyeko Marekani yu tayari kumletea. Basi atuuliza mambo matatu: Je, kitu hiki chafaa? Akichague na kukiweka vipi? Na je, yafaa kuswali mbele yake?

Twamshukuru ndugu yetu kwa kutuuliza, na twaanza jawabu kwa kukiri kosa letu wenyewe, ili lisije likamfika mwingine.

Sisi pia twakaa katika nchi ya baridi, katika nyumba ya wakfu iliyo karibu na chuo tusomeshapo, na nyumba hiyo ina meko kama hayo. Miaka michache iliyopita tulinunua magogo ya umeme. Tulipokuwa dukani tuliangalia kitu kimoja tu, nacho ni uzuri wa mwanga wake. Ulikuwa ukicheza kama moto wa kweli, na makaa yake mekundu kama yapulizwayo. Tuliyaweka sebuleni, na kila mgeni aliyekuja alistaajabu, nasi tukafurahi kwa kustaajabu kwake. Katika msimu huo mama mkwe wetu alikuja kutoka pwani kukaa nasi. Siku ya tatu akatwambia, "Mwanangu, moto wenu ni mzuri, lakini hauna joto." Tukacheka, tukamjibu kwamba atazoea.

Usiku wa siku ile mama yule alichukua jiko la makaa jikoni, akalitia chumbani mwake, akafunga mlango na dirisha kwa ajili ya baridi. Tulipoamka kwa swala ya Alfajiri tulibisha hodi asiitike. Tulifungua tukamkuta yu macho, lakini hawezi kusimama wala kusema maneno yakaeleweka. Tulimtoa nje upesi, tukampeleka hospitali, na Mwenyezi Mungu akamwokoa. Kichwa kilimuuma siku kadha wa kadha. Tulipoyatazama tena yale magogo, tuliona imeandikwa nyuma yake wazi kabisa kwamba hayakuwa na kipasha joto. Yalikuwa taa tupu.

Hapa ndipo ulipo msingi wa maneno yetu yote. Katika nyumba kuna moto wa kutazamwa na kuna moto wa kuota. Mwenye nyumba anunuaye wa kwanza akidhani amenunua wa pili, huwaacha wazee na watoto wake katika baridi, nao watajitafutia joto kwa njia iwezayo kuwaua. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Alama zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Aliyelala huenda asizione alama hizo kamwe. Atakayeziona na atoke nje mara moja, kisha aende hospitali.

Ama swali la kwanza, jawabu letu ni kwamba magogo ya umeme yafaa, khasa katika nyumba yenye mgonjwa wa kifua. Umeme hautoi moshi wala hewa ile ya sumu chumbani. Hata Waingereza walioyajenga meko haya katika nchi zetu, kwao wenyewe waliona madhara ya moshi. Disemba ya mwaka 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano, ukaua maelfu ya watu, na mwaka 1956 wakatunga sheria ya kutakasa hewa. Basi si aibu kwa mtu kuacha kuni akamhurumia mama yake.

Ama swali la pili, la kuchagua, yampasa ndugu yetu kufahamu kwanza jinsi kitu hiki kifanyavyo kazi. Ndani yake mna mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni mwanga: chini ya magogo mna vitaa vidogo, na aghalabu mna kijiti chenye vipande ving'aavyo, ambacho huzunguka na kurusha mwanga ukaonekana kama ndimi za moto. La pili ni joto: waya upashwao moto kwa umeme, na feni iusukumayo upepo wenye joto nje. Mwanga waweza kuwaka pasipo joto. Basi asiulize dukani, "Je, moto wake wapendeza?" Na aulize, "Je, una kipasha joto, nacho ni cha wati ngapi?"

Aghalabu kipasha joto huwa cha wati 1,500 au 2,000. Na hapa twataka kufichua jambo ambalo wauzaji hawalisemi: joto la wati 1,500 ni lile lile, kifaa kiwe cha bei kubwa au cha bei ndogo. Bei huzidi kwa uzuri wa magogo, wala si kwa wingi wa joto. Wati 1,500 zaweza kukitosha chumba cha futi 12 kwa 12 kilichofungwa vyema. Katika ukumbi mpana wenye dari ndefu hazitatosha, na mzee atakayekaa mbali hatafaidika. Ikiwa fedha ni chache, basi na zitangulie kwenye joto la chumba alalamo mama. Magogo ya sebuleni yaje baadaye.

Kuhusu gharama, hesabu yake ni nyepesi. Wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja ya umeme. Kipasha joto cha wati 1,500 kikiwaka saa tatu kila usiku kitatumia yuniti nne na nusu, na kwa siku 30 ni yuniti 135. Azidishe hesabu hiyo kwa bei aliyonunulia yuniti zake, ndipo ajue kama mfuko wake wastahimili. Mwanga peke yake, tuseme wa wati 20, hautafika yuniti mbili kwa mwezi mzima. Asiyefanya hesabu mapema ataogopa deni mwezi wa pili, akazima joto na kuuacha mwanga, na mambo yatarudi pale pale tulipokosea sisi.

Ama seti ya kutoka Marekani, twamnasihi asiipokee. Umeme wa majumbani kule ni wa volti 120, na wa Kenya ni volti 240. Kifaa cha huko kikichomekwa hapa, waya wake utavuta nguvu mara nne ya ile uliyotengenezewa; utaungua, na huenda ukaunguza na nyumba. Kubadili kichwa cha plagi hakubadili nguvu ya umeme. Transfoma ya kupunguza volti ipo, lakini kwa mzigo wa wati 1,500 ni kubwa, nzito na ya gharama. Heri amwombe ndugu yake, kwa upole na shukrani, fedha badala ya kifaa, akanunue kilichoandikwa volti 220 hata 240. Zawadi haikatazwi, lakini nayo huchaguliwa.

Kabla ya kununua, achukue futikamba apime meko: upana wa mbele, upana wa nyuma, ambao aghalabu ni mdogo kuliko wa mbele, kisha kimo na kina. Magogo yawe madogo kuliko vipimo hivyo, ili upepo upite pande zote. Asiyepima hurudi dukani mara ya pili.

Katika kuyaweka, mambo ni haya. Kwanza asubiri majivu yapoe kabisa, ayazoe, asugue masizi na kusawazisha mahali pa kuweka. Pili azibe dohani, kwani dohani iliyo wazi huvuta joto lote likaenda juu, na huingiza mvua na ndege. Asiizibe kwa ukamilifu. Aache kitundu kidogo cha hewa ili ukuta usioze kwa unyevu. Tatu, awaambie watu wote wa nyumba, na mtumishi pia, kwamba tangu siku hiyo hapana kuni itakayowashwa humo. Kuni zikiwashwa katika dohani iliyozibwa, moshi wote na sumu yake vitarudi chumbani.

Nne, amwite fundi wa umeme mwaminifu akague nyaya za nyumba, kwani nyumba za zamani huwa na nyaya zilizochakaa, na ahakikishe kwamba waya wa ardhi upo. Tano, plagi ichomekwe katika soketi ya ukutani moja kwa moja, isipitie ule waya wa nyongeza uitwao ekstensheni, wala isishirikiane na pasi au birika la umeme katika soketi moja. Waya usipitishwe chini ya zulia. Plagi ikiwa moto mkononi, au ikitoa harufu ya kuungua, azime mara moja. Sita, pazia, mkeka, buibui na nguo zianikwazo ziwe mbali kwa kadiri ya mita moja. Saba, stima ikipotea, achomoe plagi, isije ikarudi na kuwasha joto hali wenye nyumba wametoka.

Tukija katika kuzima wakati wa kulala, Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikwisha kutuonya. Imepokewa kwa Ibn Umar katika Bukhari na Muslim kwamba alikataza moto kuachwa ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Na kwa Abu Musa al-Ash'ari imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo, naye Mtume akabainisha kuwa moto ni adui wa watu, nao uzimwe kabla ya kulala. Na kwa Jabir imepokewa amri ya kuzima taa, kwa kuwa panya huenda akauburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Imam Nawawi, alipozisherehesha hadithi hizi, alieleza kwamba kandili zitundikwazo, ikiwa pana khofu ya kuunguza, zimo katika amri hiyo. Na ikiwa pana amani, basi dhahiri ni kwamba hapana ubaya. Kwa kipimo hicho, kipasha joto cha umeme kimo ndani ya amri, kwani kinaunguza, na panya wa leo hakuacha tabia yake: hutafuna nyaya. Basi kizimwe na plagi ichomolewe kabla ya kulala.

Ama swali la tatu, la swala: wako wanavyuoni waliochukia mtu kuswali akielekea moto uwakao, ili asijifananishe na waabuduo moto. Magogo haya si moto bali ni mwanga na picha ya kitu kisicho na roho, wala hatusemi kwamba swala yabatilika mbele yake. Lakini Mtume s.a.w. aliiondoa nguo yenye nakshi iliyomshughulisha katika swala, na mwanga uchezao hushughulisha zaidi ya nakshi. Basi ikiwa meko yako upande wa Kibla, azime mwanga wakati wa swala, au atandike mswala mahali pengine. Kufanya hivyo kutamlinda na shaka, na nguo ya mwenye kusujudu haitakuwa karibu na joto.

Limebakia moja. Usiku ambao stima haipo, mama atahisi baridi ile ile. Basi mablanketi ya ziada yawe tayari tangu mchana, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitambaa, na mtu wa kulala naye chumba kimoja akihitaji. Jiko la makaa libaki jikoni. Na mzazi akisema kwamba ahisi baridi, asijibiwe kwa kicheko kama tulivyojibu sisi. Nabii Musa, alayhi salaam, alipouona moto kwa mbali aliwaendea jamaa zake kijinga ili wapate kuota. Hakuwatakia kitu cha kutazama.

Mama mkwe wetu yu hai, alhamdulillahi, na kila mwaka huja. Chumbani mwake sasa mna kipasha joto kisicho na mwanga wala urembo wowote, nasi hukizima wenyewe kabla hajalala, baada ya kumuuliza kama amepata joto. Yale magogo mazuri yangali sebuleni, na wageni wangali wakiyasifu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.