Ada ya dalali si kitu, balaa ni cha juu

Pita mitaa ya Kisauni, Likoni ama Mtwapa uangalie kuta. Hutakwenda mbali kabla ya kukuta maandishi ya rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hucheka. Sisi wenyeji twajua kwa nini mtu ananunua rangi kutangaza asichokiuza. Kuna watu wanaouza nyumba za wenzao, na kuna wanunuzi wanaolipa.

Ndiyo maana siku hizi familia nyingi zasema bora tuuze wenyewe. Picha zapigwa kwa simu, zatiwa kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na bei na nambari, na dalali awekwa kando ili ada yake ibaki nyumbani. Siwapingi. Lakini yaliyotukuta tulipouza nyumba ya marehemu babangu yalinifunza kuwa twaikimbia ada tunayoiona, tukaacha mlango wazi kwa hasara tusiyoiona.

Nyumba yenyewe iko Kisauni na ina hati. Warithi ni wanne: mamangu, mimi na dada zangu wawili. Arobaini haijatimia, dalali akanijia barazani. Tukapatana: sisi twataka shilingi milioni 6.5, yeye atachukua asilimia 3, yaani 195,000. Baada ya wiki tatu akaleta mnunuzi, mtu mzima mstaarabu. Nililoliona geni ni kuwa dalali hakutuacha tukae peke yetu hata dakika tano. Mnunuzi akiuliza, dalali ndiye anayejibu. Mimi nikitaka kusema, nafinywa mkono.

Usiku mmoja baada ya Isha nikakutana na yule mnunuzi nje ya msikiti. Akaniambia kwa upole, "Sheikh, milioni 7.2 ni nyingi, hebu tupunguzie kidogo." Nikaduwaa. Kati ya bei yangu na bei aliyoambiwa yeye mlikuwa na shilingi 700,000 ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa na habari nazo. Hicho ndicho tunachokiita cha juu. Ile asilimia 3 tuliyokuwa tukiigombania kumbe ilikuwa pazia tu.

Mnunuzi alikasirika kuniliko. "Tuuziane sisi kwa sisi, huyu tumuache." Dada yangu mdogo akamuunga mkono. Mamangu akauliza, "Huyu mtu kaletwa na nani?" Nikamwambia, na dalali. "Basi mpeni chake mlichopatana. Alichoficha ndicho kisichokuwa chake."

Tukamwita dalali, tukakaa sote, bei zote mbili zikatajwa mbele yake. Tukakata shauri kwa milioni 6.7, naye alipwe 195,000 zake. Hakufurahi, lakini hakukataa. Pigeni hesabu wenyewe. Mnunuzi aliepuka kulipa nusu milioni. Sisi tulipata 200,000 zaidi ya tulizotaka, zikalipa ada yote na 5,000 zikabaki. Kilichotuokoa ni muuzaji na mnunuzi kusikia bei moja.

Kwa hivyo anayetaka kuuza mwenyewe na auze. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumtumia dalali kwa mali yake. Sheria ya Madalali wa Nyumba, Sura ya 533, inamhusu anayefanya kazi hiyo kwa niaba ya wengine kwa malipo: yeye ndiye anayetakiwa awe amesajiliwa na bodi yao. Ukiamua kumtumia, mwombe akuonyeshe usajili wake na muandikiane ada. Lakini kumtumia mtu akuletee mteja, kisha umzunguke nyuma ili usimlipe, huko si kujiokoa. Ni kula jasho la mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo dalali hakuligusa kabisa. Hati ya nyumba ilikuwa bado ina jina la marehemu. Yeye alikuwa tayari kupokea arubuni, tena mkononi mwake, ya nyumba ambayo mwenyewe yuko kaburini na mirathi haijapitishwa. Wala hakuwahi kuzungumza na dada zangu. Kwake, mwanamume wa barazani ndiye mwenye nyumba. Katika mirathi yetu mamangu ana thumni yake, na kinachobaki nagawana na dada zangu, mimi mafungu mawili, kila mmoja wao fungu moja. Lau ningepokea zile pesa peke yangu, ningekuwa nimeuza haki ya wanawake watatu bila wao kujua.

Tulikwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba yetu, kifungu cha 170, yaipa uwezo wa kuamua mirathi ya Waislamu. Kisha tukaenda ofisi ya ardhi kubadilisha majina. Ilituchukua miezi minane, na mnunuzi akatusubiri. Wakili wake alitaka sahihi zetu sote wanne, na alifanya haki.

Anayeuza bila dalali aelewe kuwa kazi za dalali mwaminifu sasa ni zake. Ya kwanza ni bei. Usikisie kwa sababu jirani aliuza kwa kadha. Mlipe mthamini aliyesajiliwa. Ya pili ni kupekua hati katika ofisi ya ardhi, wenyewe twaita kufanya sachi, ujue kama kuna rehani au zuio. Mnunuzi afanye yake pia, asitosheke na nakala aliyotumiwa kwa simu. Ya tatu ni malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti, kwani bila cheti cha kuonyesha umelipa, uhamisho hukwama.

Ya nne ni maandishi. Sheria ya Mikataba ya Kenya yasema wazi kuwa mapatano ya kuuza ardhi yawe yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Nasi Waislamu tulikuwa na habari hiyo zamani: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyoko Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba tukisema "twaaminiana" huona tumefanya dini zaidi. Kila upande uwe na wakili wake, na arubuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ikae kwa mawakili.

Ya tano ni ushuru. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa bei yetu ilikuwa 268,000. Muuzaji hutazamwa na kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, nayo hutozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa. Ada ya dalali ni kidogo ukiilinganisha na haya.

Halafu kuna nyumba zetu za Majengo na mitaa mingi ya Mombasa, nyumba bila ardhi. Hapo unachouza ni kuta na paa. Ardhi ni ya mwingine na hulipiwa kodi kila mwezi. Kabla ya kutaja bei, mwenye ardhi au wakala wake ajue, na mnunuzi aambiwe waziwazi anachonunua na asichonunua. Na kama kiwanja ni wakfu, simama hapo. Wakfu hauuzwi, hata akija mteja na gunia la pesa.

Nyumba ya mzee ina wenyewe wengine sasa. Mamangu alilipata fungu lake benki, kwa jina lake, na dada zangu vile vile. Kila nikiulizwa barazani kama ni bora dalali au kuuza mwenyewe, jibu langu ni moja: kabla hujapokea hata shilingi, mtafute mnunuzi ana kwa ana umuulize ameambiwa ngapi.