Tulivyopatana Fort Jesus

Mimi na Baba Salma tulivuka mpaka wa Horohoro kwenda kutembea Mombasa huku tumenuniana. Wiki ya pili hiyo, kisa ada ya shule. Tukaingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwongoza wageni akatueleza kuwa Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, ndipo wakaiteka. Baba Salma akaninong'oneza, "Mama Salma, mimi wiki mbili tu, nimesalimu amri." Nikacheka, chozi likanitoka. Juu ya ukuta, mbele ya bahari, tukayamaliza. Shoga, kama nyumbani hamsemezani, tokeni kidogo. Basi la Tanga–Mombasa linatosha, Paris itasubiri.