Maandishi ya Kale ya Kidenmaki: Tarakilishi Isifute Tahajia

Biblia ya Mfalme Christian III, iliyochapishwa Copenhagen mwaka wa 1550, ndiyo Biblia kamili ya kwanza kwa Kidenmaki. Ikijumuishwa na kitabu cha nyimbo cha Hans Thomesen cha 1569 na hotuba za N.F.S. Grundtvig (1783–1872), mtafiti hupata hazina ya karne tatu. Maandishi ya aina hii yanapoingizwa katika tarakilishi, maneno yake huweza kuhesabiwa kwa dakika chache. Swali ni je, mashine itahesabu nini?

Kikwazo cha kwanza ni hati ya Kigothi, ambamo herufi moja ya "s" inafanana mno na "f". Neno "sand", yaani "-a kweli", husomwa na mashine kama "fand", yaani "alipata". Kwa kuwa yote mawili ni maneno halali, kosa hilo hupita bila kugunduliwa.

Kikwazo cha pili ni tahajia. Hadi mageuzi ya 1948, nomino za Kidenmaki ziliandikwa kwa herufi kubwa, na "å" ya leo iliandikwa "aa". Anayetafuta "ånd" (roho) katika matini ya Grundtvig hatalipata. Huko limeandikwa "Aand". Roho itakosekana katika maandishi ya dini!

Wapo wanaopendekeza tahajia yote isanifishwe, kwa kuwa programu nyingi za uchanganuzi zimeundwa kwa lugha ya leo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Katika karne ya 16 neno moja liliweza kuandikwa kwa namna kadhaa, na tofauti hizo ni ushahidi wa lahaja, wa mchapishaji na wa wakati. Kuzifuta ni kumziba shahidi kinywa kabla hajasema.

Njia bora ni kuhifadhi picha ya ukurasa, matini asilia na matini sanifu, vyote vikiwa vimeunganishwa neno kwa neno. Gharama itapanda, na wasomaji stadi wa hati ya kale watahitajika. Hata hivyo, matini sanifu huweza kuundwa upya wakati wowote kutokana na ile asilia. Kinyume chake hakiwezekani.

Wanaonukuu tenzi za Kiswahili kutoka hati ya Kiarabu wazingatie hayo. Anayegeuza "ndia" ya Kiamu kuwa "njia" pasipo kuhifadhi umbo la awali hajarahisisha utafiti. Ameifuta Lamu katika utenzi.