KIDATO CHA PILI SI MAPEMA

Ndugu wanaushirika, wapo wenzetu wanaosema eti ghala ni la korosho, si la madaftari. Tunawauliza: korosho zikishauzwa, ghala linamfaa nani kama si panya? Tunataka vijana wa kidato cha pili wasomee humo jioni, na gharama ya taa iwe juu ya ushirika.

Kisingizio cha ada kimekwisha. Ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa cha tano na cha sita. Kilichobaki ni uzembe. Mtoto akitupa Fizikia na Kemia akiwa huku chini, udaktari ndiyo basi tena. Nani anakaa naye amweleze? Baba yuko kwenye bao.

Halafu cheti cha kuzaliwa! Bodi ya Mikopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA. Wazazi wengine hukumbuka siku fomu zinapotoka, ndipo mbio za Bagamoyo zinapoanza. Kitafuteni sasa hivi, mtoto yuko kidato cha pili.

Suala la ghala tutalipeleka mkutano mkuu ujao, lipigiwe kura. Mwenye kupinga asimame, aseme mbele ya watoto.